Don Lancaster, mwandishi aliyeweka herufi kwenye televisheni ya sebuleni

Septemba 1973 jarida la Radio-Electronics la Marekani liliwaletea wasomaji wake kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukifikiria: kibodi inayoandika maneno kwenye televisheni ya kawaida, ile ile ya kutazamia taarifa ya habari na mpira. Aliyekibuni na kukiandikia makala alikuwa mhandisi wa miaka 33 aitwaye Don Lancaster. Kifaa alikiita TV Typewriter, taipureta ya televisheni. Vipuri vyake, kwa hesabu ya wakati ule, viligharimu kama dola 120.

Makala yenyewe ilikuwa ya kurasa 6. Aliyetaka michoro kamili ya saketi na maelekezo ya kuunga kila waya alitakiwa kutuma dola 2 ili apelekewe kijitabu cha kurasa 16. Walituma maelfu. Kwa jarida lililozoea wasomaji wanaojenga vikuza sauti na redio za masafa mafupi, hiyo ilikuwa dalili kwamba kuna jambo limeiva mahali ambapo wenye viwanda hawakuwa wakitazama.

TV Typewriter haikuwa kompyuta. Haikupiga hesabu yoyote, haikuendesha programu, haikujua hata maana ya herufi iliyoionyesha. Ndiyo maana simulizi nyingi za kompyuta za nyumbani humtaja Lancaster kwa sentensi moja, kisha hukimbilia Altair, Apple na vijana waliokuja kuwa matajiri. Nadhani simulizi hizo zinamdhulumu. Kompyuta isiyo na mahali pa kuonyesha maneno ni sanduku la taa, na mwaka 1973 mtu wa kawaida hakuwa na mahali hapo. Waliobahatika kutumia kompyuta vyuoni na maofisini walikaa mbele ya mashine ya teletype, zigo la chuma lenye kelele lililochapa karatasini herufi 10 kwa sekunde na ambalo likiwa jipya bei yake ilizidi dola elfu moja. Vituo vya kioo, yaani kibodi na skrini za kuunganishwa na kompyuta, vilikuwepo, lakini vilikuwa ghali zaidi na vilinunuliwa na mashirika.

Lancaster alizaliwa Machi 1940. Alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha Lafayette, Pennsylvania, kisha akahamia upande wa pili wa nchi na kuchukua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Arizona haikumwachia tena. Alifanya kazi ya uhandisi mchana, na jioni alibuni vifaa vidogo vya kuchapishwa magazetini. Aprili 1963 jarida la Electronics World lilitoa saketi yake ya taa zinazocheza na muziki: sauti nzito inawasha rangi moja, ya kati nyingine, nyembamba nyingine. Miaka michache baadaye taa za namna hiyo zilitapakaa katika kumbi za starehe za Marekani, na kama umewahi kuingia disko la zamani, Dar es Salaam au Mombasa, umewaona ndugu zao.

Uchapishaji wa aina hiyo ulikuwa na biashara yake. Mwandishi anabuni kifaa, jarida linachapisha, na mwishoni mwa makala panawekwa anwani ya kampuni inayouza vipuri vyote pamoja na bodi iliyokwisha kuchorwa. Kampuni iliyosifika kwa kazi hiyo ilikuwa Southwest Technical Products ya San Antonio, Texas, iliyoanzishwa na Daniel Meyer, na Lancaster alikuwa miongoni mwa waandishi walioipa kazi nyingi. Kwa hiyo alijifunza mapema nidhamu ambayo wahandisi wengi hawaijui kabisa. Kitu ulichokibuni kitajengwa na mtu usiyemjua, mezani jikoni kwake, akiwa na pasi moja ya solda na bila kifaa cha kupimia mawimbi. Kisipofanya kazi, atakuandikia barua.

Sasa tufungue sanduku la TV Typewriter, maana ujanja wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Kioo cha televisheni ya zamani huchorwa na mwale wa elektroni unaokwenda kushoto kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, na kwa televisheni za Marekani safari hiyo hurudiwa mara 60 kila sekunde. Mwale haungoji mtu. Ukitaka herufi A ionekane mahali fulani, lazima saketi yako ijue, kwa usahihi wa chini ya milioni moja ya sekunde, wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Lancaster aligawa kila herufi katika vitone, 5 kwa upana na 7 kwa urefu. Ramani ya vitone hivyo aliikuta tayari ndani ya chipu ya kampuni ya Signetics yenye namba 2513: unaipa namba ya herufi na namba ya mstari unaochorwa, nayo inakurudishia vitone vitano vya mstari huo. Chipu hiyo ilijua alama 64 tu, na herufi zake zote zilikuwa kubwa.

Tatizo kubwa lilikuwa kumbukumbu. Herufi zikishapigwa kwenye kibodi zikae wapi? Kumbukumbu za namna tunayoijua leo zilikuwa zimeanza kupatikana lakini bei yake ilimshinda mtu wa kawaida. Lancaster akatumia rejista za kusukuma, chipu ambazo biti huingia upande mmoja, husogezwa hatua kwa hatua, hutokea upande wa pili na kurudishwa mwanzo. Herufi 512 za ukurasa mmoja zilizunguka humo bila kupumzika, kama wachezaji wa ngoma ya duara ambao kila mmoja huonekana vizuri pale tu anapopita mbele ya mpiga ngoma. Zikisimama zaidi ya kitambo kidogo sana, chaji inavuja na maandishi yanapotea. Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na wa pili wa ukubwa ule ule, kwa hiyo jumla herufi 1,024.

Lakini duara lile lina kasoro. Mwale wa televisheni unapita juu ya mstari mmoja wa maandishi mara saba, kwa sababu kila herufi ina ngazi saba za vitone, na kila safari unataka kuona herufi zile zile 32 tena. Duara kubwa likiendelea kuzunguka, herufi hizo zimeshapita. Hivyo Lancaster aliweka rejista nyingine ndogo yenye nafasi 32 tu. Duara kubwa linaijaza mstari mmoja kisha linasubiri kidogo zamu yake, na ile ndogo ndiyo inayozunguka haraka kuulisha mwale mpaka mstari umalizike kuchorwa. Kwa nini 32 na si 80 kama kwenye vituo vya maofisini? Kwa sababu televisheni ya nyumbani haina uwezo wa kutenganisha vitone vyembamba kupita kiasi. Ukizibana herufi zaidi, zinageuka ukungu. Lancaster alianza na televisheni iliyopo sebuleni, akakubali mipaka yake, kisha akabuni kurudi nyuma kutoka hapo. Mhandisi wa shirika kubwa angeanza na kituo bora kinachowezekana na kuishia na bei isiyolipika.

Kifaa kilikuwa na matatizo yake, wala si madogo. Rejista zile zilitaka volti za aina zaidi ya moja na zilikuwa nyepesi kukasirika. Bodi zilikuwa nyingi, waya nyingi, na mtu asiye mzoefu aliweza kukesha wiki nzima akitafuta kiungo kimoja kisichoshika solda. Halafu kulikuwa na hatari ambayo fundi yeyote wa televisheni za zamani anaijua: seti nyingi za wakati ule hazikuwa na transfoma ya kutenganisha umeme, chasisi yake ilikuwa imegusana na umeme wa ukutani, na kuunganisha kibodi yako hapo bila tahadhari ni kujitafutia msiba. Zaidi ya hayo, jinsi ilivyochapishwa mara ya kwanza, TV Typewriter haikuweza kuzungumza na kompyuta yoyote mpaka uiongezee saketi nyingine.

Lakini hapakuwa na kompyuta ya nyumbani ya kuzungumza nayo. Hilo ndilo linalonifurahisha katika kisa hiki: kioo kilikuja kabla ya mashine. Julai 1974 jarida lile lile la Radio-Electronics lilitoa Mark-8, kompyuta ya kujijengea iliyobuniwa na Jonathan Titus kwa kutumia prosesa ya Intel 8008. Januari 1975 jarida la Popular Electronics likatoa Altair 8800 ya kampuni ya MITS, New Mexico, kwa bei isiyofika dola 400. Uso wa Altair ulikuwa swichi na taa. Kuingiza programu ulipandisha na kushusha swichi, jibu ulilisoma kwa kuhesabu taa zilizowaka. Mnunuzi wake alifurahi siku mbili tatu, kisha akaanza kuuliza namna ya kuona maneno.

Machi 1975 wapenzi wa mambo hayo walikutana kwa mara ya kwanza katika gereji moja huko Menlo Park, California, na kuanzisha Homebrew Computer Club. Kipeperushi cha mwaliko kiliwauliza watu kama walikuwa wanajenga kompyuta, kituo au TV Typewriter. Jina la kifaa cha Lancaster lilikuwa tayari limegeuka jina la aina nzima ya vifaa, miezi 18 tu baada ya makala kutoka. Miongoni mwa wanachama alikuwemo Lee Felsenstein, aliyebuni kituo alichokiita Tom Swift Terminal kwa kufuata njia bora zaidi, kisha kadi ya VDM-1 iliyoipa Altair kioo. Alikuwemo pia Steve Wozniak, aliyebuni kompyuta ya kwanza ya Apple. Ukifungua Apple ya kwanza ya mwaka 1976 utakuta chipu ile ile ya 2513 ikichora herufi kubwa kwa vitone, na rejista za kusukuma zikizungusha maandishi kuelekea televisheni ya nyumbani. Wozniak alikuwa na kipaji chake na saketi yake ni nadhifu kuliko ya Lancaster. Ila barabara ilikuwa imeshafyekwa.

Kwa msomaji wa Tanzania tarehe hizi zina ladha chungu kidogo. Mwaka 1974, wakati mafundi wa Marekani wanatafuta televisheni kuukuu za kuunganishia kibodi, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ndiyo ilikuwa inaanza kurusha matangazo yake, tena ya rangi.

Turudi Arizona. Lancaster angeweza kuanzisha kampuni na kuuza TV Typewriter zilizokwisha kuungwa. Alichagua kuandika vitabu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mchango wake mkubwa ulipo. Kupitia wachapishaji Howard W. Sams wa Indianapolis alitoa RTL Cookbook, kisha TTL Cookbook mwaka 1974, Active Filter Cookbook mwaka 1975, TV Typewriter Cookbook mwaka 1976 na CMOS Cookbook mwaka 1977. Majina hayo yanamwahidi msomaji mapishi, na ndani anayapata.

Chukua CMOS Cookbook. Chipu za CMOS zilikuwa bado ngeni kwa mafundi wengi. Zinakula umeme kidogo sana na zinakubali volti kuanzia 3 hadi 15, lakini zinaogopa umeme tuli wa mwilini na zina tabia zinazoshangaza aliyezoea chipu za TTL, aina iliyozoeleka kabla yake. Maelezo ya kiwanda yaliandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi: majedwali, grafu, masharti kwa maandishi madogo. Lancaster aliipa kila chipu mchoro wake, ikitazamwa kutoka juu kama unavyoiona mezani, kila mguu una namba na jina. Chini yake maneno machache ya kawaida: mguu huu ukiuinua hutokea hiki, ule uunganishe chini kama huutumii, itakula umeme kiasi hiki, itakwenda kasi hadi hapa. Kisha anakukazia sheria moja mpaka ikukae kichwani: hakuna mguu wa kuingizia wa CMOS unaoachwa hewani. Kila mmoja lazima uunganishwe mahali fulani. Aliyewahi kuacha mguu hewani anajua kinachotokea, saketi inawaka ukisogeza mkono na kuzima ukiuondoa, na fundi anaanza kushuku wachawi.

Lugha yake ilikuwa ya mtu anayezungumza nawe akiwa amekaa upande wa pili wa meza, na utani wake haukukosekana. Hakupaficha penye mtego. Alitaja bei. Alisema chipu ipi ni nzuri na ipi usipoteze pesa yako, jambo ambalo maelezo ya kiwanda hayawezi kulisema. Vitabu hivyo viliendelea kuchapishwa na kusomwa kwa miongo, na kizazi kizima cha mafundi wanaojitegemea kilijifunzia humo kabla ya kufika darasani, au bila kufika kabisa.

Mwaka 1978 alirudi kwenye televisheni na Cheap Video Cookbook. Mara hii kompyuta ndogo zilikuwepo, na alitumia KIM-1, bodi yenye prosesa ya 6502. Alijiuliza: prosesa yenyewe hupita anwani za kumbukumbu kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kazi ile ile inayotakiwa na mwale wa televisheni. Kwa nini nijenge saketi nyingine ya kuhesabu? Basi akailaghai. Prosesa inadhani inatekeleza maelekezo mfululizo, kumbe inapewa agizo lile lile lisilo na madhara kila hatua, na wakati huo huo herufi zilizomo kwenye anwani inazopita zinachukuliwa pembeni na kupelekwa kwenye kioo. Chipu chache tu zikatosha kufanya kazi iliyohitaji bodi kadhaa mwaka 1973. Kompyuta ya Sinclair ZX80 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1980 na kuuzwa kwa bei isiyofika pauni 100, ilichora kioo chake kwa mbinu ya ukoo huo huo.

Alihamia Thatcher, mji mdogo wa mashariki mwa Arizona, mbali na viwanda vya chipu na mabenki ya mitaji. Kutoka huko aliandika The Incredible Secret Money Machine, kitabu kuhusu namna mtu mmoja anavyoweza kuendesha kazi ndogo ya ufundi nyumbani kwake na kuishi kwayo. Mawazo yake juu ya hataza yaliwaudhi wengi. Alishikilia kwamba kwa mbunifu mdogo hataza ni hasara karibu kila mara: utalipa mawakili, utangoja miaka, na ukiibiwa na kampuni kubwa hutakuwa na fedha za kushitaki. Ushauri wake ulikuwa kuchapisha ubunifu wako jaridani upesi, ulipwe kwa makala, jina lako lijulikane, kisha uendelee na kitu kingine. Sikubaliani naye kwa kila hali. Mwenye dawa mpya au mbegu mpya hawezi kuishi kwa malipo ya makala. Lakini kwa saketi inayopitwa na wakati baada ya miaka mitatu, hoja yake ni ngumu kuipinga, na yeye mwenyewe aliiishi.

Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo waliozama katika kompyuta ya Apple II bila kuogopa kufunua yaliyomo. Katika Enhancing Your Apple II ya mwaka 1982 alieleza hatua kwa hatua namna ya kuichambua programu ya mtu mwingine iliyoandikwa kwa lugha ya mashine, kwa kalamu za rangi na karatasi ndefu iliyochapishwa, mpaka ujue kila sehemu inafanya nini. Apple ilipotoa printa ya LaserWriter mwaka 1985, Lancaster aligundua kwamba ndani yake mna lugha kamili ya programu, PostScript, na akaanza kuiandikia moja kwa moja. Kurasa zake, michoro yake ya saketi, hata vitabu vyake akavichapa nyumbani, nakala kwa nakala kadiri wateja walivyoagiza. Wakati huo huo safu zake ziliendelea magazetini, Hardware Hacker katika Radio-Electronics na Ask the Guru katika Computer Shopper, akijibu maswali ya mafundi.

Uzeeni alitembea sana jangwani. Chini ya milima ya Pinaleño, karibu na kwake, kuna mifereji ya maji iliyochongwa na wenyeji wa kale kabla ya Wazungu kufika, mingine ikiambaa ubavuni mwa vilima mahali ambapo mtu hangetegemea maji kupita. Lancaster aliifuatilia kwa miguu na kuiandika, akiipa heshima ile ile ya kiufundi aliyoipa saketi.

Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 83. Kielelezo cha kwanza cha TV Typewriter kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko Mountain View, California. Vitabu vyake kadhaa alikwisha kuviachia visomwe bure kabla ya kufa. Kijana anayeanza ufundi wa elektroniki na aliyekatishwa tamaa na maelezo ya viwandani, atafute CMOS Cookbook, anunue chipu ya 4017, taa 10 za LED, rezista chache na betri ya volti 9. Chipu hiyo bado inatengenezwa na bei yake ni ndogo. Ila asisahau kuunganisha kila mguu wa kuingizia.